Mlango wa Jiko la Mama

Kiptere,
Posta ya Sosiot,
Kericho.
22 Machi 1998

Mpendwa ndugu yangu Weldon,

Chamge, mtoto wa mama yangu. Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Caren na yule mdogo anayenyonya. Sisi huku tunaendelea, tunamshukuru Mungu, ingawa mwaka huu hata kuendelea kwenyewe ni kwa kusukumana.

Habari za Garissa zinatutia wasiwasi. Redio inasema maji yamekata barabara, na kwamba kuna ugonjwa umeshika mifugo na sasa umeingia kwa watu. Je, maziwa mnachemsha? Nyama mnanunua wapi? Mwambie Caren asisaidie mtu kuchinja mbuzi, hata akiitwa kwa heshima. Najua utasema dada yako ameanza tena. Mimi nilikubeba mgongoni hadi ukaanza kuburuta miguu chini, kwa hivyo utanisikiliza.

Kabla ya mengine yote: Chepyegon amepona. Anakula, anagombana na kuku, anaimba nyimbo za Sunday school akichanganya maneno. Kule hospitali walimnyoa nywele upande mmoja ili wapate mshipa wa kumwekea maji, na sasa anamwonyesha kila mgeni mahali penyewe kama mtu aliyetoka vitani. Ulale usingizi, mtoto wako mzima.

Sasa nije kwa barua yako. Ilifika Jumanne, nikaisoma nimesimama pale posta, halafu nikaikunja nikaiweka kifuani. Nilikuwa nimepanga kumwambia Mama umetuma salamu tu. Lakini wewe unamjua. Aliniona nikifika, akaniambia, "Weldon ameandika. Keti chini, soma." Nilianza kusoma, na nilipofika kwenye ule ukurasa wa pili macho yakaanza kutafuta mahali pa kuruka. Akasema, "Usiruke. Mimi sijui kusoma lakini macho yako nayajua." Basi nikasoma yote, Weldon. Nikasoma kwamba yeye ndiye aliyefungia watu wa dawa mlango, kwamba Rebeccah, dada yake Caren, atakuja Aprili kumchukua Chepyegon ampeleke Nakuru, na kwamba kabla ya siku hiyo Mama asimshike tena mtoto wako. Alisikiliza mpaka jina lako pale mwisho wa barua, akainuka, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Sikuandikii kukukaripia. Ningekuwa Garissa, barabara imekatwa na mtoto wangu yuko na malaria kichwani, ningeandika mabaya kuliko hayo. Lakini wewe ulisikia kipande, na mtu aliyekupa hicho kipande hakuwa hapa. Mimi nilikuwa hapa. Nataka nikueleze jinsi ilivyokuwa, halafu uamue mwenyewe.

Ni kweli watu wa kupiga dawa ya mbu walikuja mwezi wa Januari, baada ya hii mvua isiyojua kwisha. Walikuja asubuhi, wamefunga pua kwa vitambaa, mitungi mgongoni, hakuna aliyekuwa ametuambia wanakuja. Mama aliwakaribisha vizuri. Akatoa vitanda, akatoa nguo, wakapiga dawa nyumba kubwa yote mpaka ukuta ukabadilika rangi. Walipogeukia jikoni ndipo akasimama mlangoni.

Wewe umesoma sana lakini hujasahau jiko la Mama. Vibuyu vyake vyote viko humo ukutani, vile vya nyanya yetu na vile alivyokuja navyo akiolewa. Unajua jinsi kibuyu kinavyosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet miaka na miaka mpaka kikubali maziwa. Unajua pia kikishika harufu ngeni, hata ya mafuta ya taa, hicho umekizika. Mama alinusa ile dawa nyumbani, akafikiria mursik, maziwa ya kibuyu ambayo wajukuu wanakunywa kila siku, akafunga jiko kwa kufuli. Akawaambia, "Hii dawa yenu itaingia kwa vibuyu, na vibuyu itaingia kwa watoto. Hapa hapana." Mmoja wao, kijana tu, akamjibu, "Sawa mama, ukikataa tunaandika umekataa, sisi tuko na boma mingi ya kumaliza." Wakaandika, wakaenda. Hakuna aliyekaa hata dakika ya kumweleza.

Na watoto wanalala wapi, Weldon? Wewe ulilala wapi? Ni jikoni, karibu na moto, na nyanya yao. Nyumba kubwa ni ya wageni na ya baridi. Kwa hivyo mbu walifukuzwa mahali hakuna mtu analala, wakaachiwa mahali watoto wamejaa.

Tena si Mama peke yake. Kutoka kwetu mpaka mtoni, kila mwanamke mwenye vibuyu alifunga jiko. Wengine walicheka wakisema wamewashinda watu wa serikali. Walikosa, nami sisemi hawakukosa. Lakini ni kosa la mtu anayelinda chakula cha mtoto, na hilo mimi siwezi kulitupia mawe.

Unamkumbuka Drusilla, yule mama wa afya aliyekuwa akipita boma kwa boma na mkoba wa kitambaa? Ndiye aliyetufundisha choo, ndiye aliyewafanya hata wazee wakubali sindano ya watoto, kwa sababu alikuwa akiketi, anakunywa chai, anaeleza kwa Kipsigis mpaka maneno yanamwingia mtu. Ule mradi wao uliisha, wenye pesa wakahama, na hakuna aliyemwambia endelea. Sasa anauza vitunguu Kiptere. Nilimpata sokoni nikamweleza habari ya vibuyu, akashika kichwa. Akaniambia jambo lenyewe ni dogo kabisa: toa vibuyu, peleka kwa jirani, ukuta upigwe dawa ukauke, fungua mlango upepo upite, halafu rudisha. Weldon, nililia pale pale mbele ya vitunguu. Ingekuwa ni yeye ametumwa siku moja mbele ya wale vijana, hakuna jiko lingefungwa katika mlima huu wote.

Mtoto alishikwa mwezi wa Februari. Alikuwa akicheza mchana, akaja akalala kwa mapaja ya Mama, akaanza kutetemeka na jua linawaka. Sisi hatukufikiria malaria. Nyinyi wenyewe mlimwacha hapa kwa sababu gani? Mlisema Garissa kuna joto na mbu, Kericho kuna baridi na afya. Sote tulikubali, na ni mimi nilipiga makofi. Watu wa ziwa ndio wanaujua huu ugonjwa, wamezaliwa nao. Sisi huku ulikuwa ukitupitia mara moja kwa miaka mingi, sasa unakuja kila mvua ikizidi, na unatukuta na damu isiyoujua.

Mimi nilikuwa kituoni na majani ya chai, nangoja lori ambalo halikuja kwa sababu daraja lilikuwa limebebwa na maji. Mama alikuwa peke yake. Alimbeba mtoto mpaka zahanati, akakuta imefungwa. Wauguzi walikuwa kwenye mgomo tangu Krismasi, na siwalaumu, hata wao wana watoto na kodi ya nyumba. Wakati ule ambapo haijafungwa pia unajua hali. Tangu huu mpango wa kugawana gharama uje, unalipa ndipo unaonwa, ukishaonwa unaambiwa dawa hakuna, nunua dukani. Watu wengi wamezoea kukaa nyumbani na kungoja, waone kama ugonjwa utachoka wenyewe.

Basi akavuka barabara akaenda kwa kliniki ya kampuni ya chai. Ile unayoijua, yenye ua wa maua. Pale dawa iko, daktari yuko, na kwenye kambi yao kila nyumba hupigwa dawa ya mbu bila kukosa. Lakini ni ya wafanyakazi na watoto wao. Askari wa lango akamuuliza Mama nambari ya kazi. Mama ana nambari gani? Amechuna chai yake mwenyewe maisha yake yote, inapelekwa, inauzwa, inanywewa na watu hatutawahi kuwaona, lakini nambari hana. Askari hakumtukana. Alimwambia pole, hata yeye anaogopa kazi yake.

Nataka ujue kilichofuata, na barua hii usimsomee mtu mwingine hapo isipokuwa Caren. Apiyo, yule mama wa kambini anayenunua maziwa kwetu jioni, alikuwa akitoka shambani na kikapu chake. Alimwona Mama ameketi chini kando ya barabara na mtoto. Hakuuliza mengi. Aliweka kikapu chini, akamfunga Chepyegon mgongoni kwake kwa leso, akaingia naye langoni akisema ni mtoto wake Quinter. Ndani daktari akamwinamia mtoto akamuuliza, "Unaitwa nani, msichana?" Na huyu binti yako, mgonjwa hivyo hivyo, macho yamefumba, akajibu vizuri kabisa, "Chepyegon." Halafu akaanza kumwita nyanya yake, "Kogo! Kogo!" mpaka watu wote kwenye foleni wakageuka. Apiyo anasema alitaka ardhi immeze.

Daktari yule akambonyeza mtoto tumbo, akampa dawa ya kwanza, akamwambia Apiyo kwa sauti ndogo kwamba malaria imeshapanda, tembe hazitatosha, huyu wa kuwekewa maji, wakimbie hospitali mjini. Gari lao hangeweza kulitoa, ni la wenye nambari. Lakini alichofanya kilitosha kumfikisha. Mungu ambariki, na amfiche.

Kutoka hapo Mama alimbeba mwenyewe. Daraja hakuna, njia ni matope ya kufika magotini, na yeye ana lile goti lake. Niliwafikia karibu na lami, nikamwomba nimpokee mtoto, akakataa kama simba jike. Akasema akimtoa mgongoni baridi itamshika. Pickup ya maziwa ndiyo iliyotubeba, tumeketi kati ya mikebe.

Hospitali yenyewe ilikuwa imejaa watoto, watatu kitanda kimoja, na wauguzi wachache waliorudi wanakimbia mpaka wanalia. Kabla ya kitanda kulikuwa na malipo ya kuanzia. Yule ndama mweusi uliyemsifu Agosti ndiye aliyelipa, ndugu yetu Kipsang alimuuza jioni hiyo hiyo bila kubishana bei. Kando yetu kulikuwa na mama kutoka upande wa Siongiroi ambaye hakuwa na ndama. Alikuwa amekaa siku kadhaa nyumbani akiuza kuku mmoja mmoja, na alipofika, mtoto hakuwa wa kupona. Sitaki kukuandikia zaidi juu ya huyo. Ninamwona kila nikifumba macho.

Kisha wakasema damu imeisha mwilini, anahitaji kuongezwa. Unajua nani alinyoosha mkono kwanza? Mama. Akapandisha mkono wa sweta mpaka begani. Daktari akamwambia kwa upole kwamba amezeeka, watafute mwenye nguvu, na Kipsang ndiye aliyetoa. Mama alikaa na ule mkono wa sweta umepandishwa muda mrefu, kama wangebadilisha nia. Mtu kama huyo, ndugu yangu, ndiye umemwandikia asimshike mtoto.

Nimefikiria sana nikichuna chai, maana chai inampa mtu nafasi ya kufikiria. Wale vijana walioandika "amekataa" wakaenda, hukuwaandikia. Mwenye kukata mradi wa Drusilla hukumwandikia. Aliyesema dawa ilipiwe kabla mtoto hajaguswa, hukumwandikia, wala aliyepanga kwamba barabara moja itenganishe mtoto wa kutibiwa na mtoto wa kurudishwa. Umemwandikia Mama peke yake, kwa sababu ndiye ambaye anwani yake unaijua. Sikusemi vibaya. Hata mimi nilipokuwa pale kwenye lami nilikuwa na neno kali mdomoni, na ni yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Unafikiri hajajilaumu? Tuliporudi kutoka hospitali, asubuhi yake alifungua jiko, akatoa vibuyu vyote, akavipanga nje kwenye nyasi, akaketi mlangoni kungoja watu wa dawa. Nilimwambia hawarudi bila kuitwa, akasema basi waitwe. Kipsang akaenda kwa chifu. Chifu akasema dawa iliyoletwa imekwisha na gari limeenda tarafa nyingine, labda mwaka ujao. Mama hakuamini. Kesho yake akavitoa tena, na kesho yake tena, mvua ikavikuta nje, viwili vikapasuka. Sasa watoto wanalala nyumba kubwa, wamefunikwa mablanketi, na anawasha jiko la makaa mpaka wasinzie halafu analitoa nje. Yeye mwenyewe analala jikoni peke yake.

Na tangu Jumanne hamgusi Chepyegon. Amekutii, Weldon. Uji anauweka juu ya kigoda, anarudi nyuma. Akitaka mtoto anawishwe ananiita mimi, hata kama niko shambani mwa chini. Mtoto haelewi. Jana alijifanya ameanguka, akajilaza chini akilia, akichungulia kwa jicho moja kama Kogo anakuja. Mama alisimama, akakunja mikono kifuani akaibana, akaita jina langu. Nikaja nikamwinua mimi.

Nakuomba jambo moja tu. Usimtume Rebeccah. Rebeccah ni mtu mzuri na nyumba yake Nakuru ni safi, sina neno naye. Lakini akija yeye akamwondoa mtoto hapa, Mama atajua amehukumiwa na mwanawe, na atakwenda nalo kaburini. Njoo mwenyewe likizo ya Aprili. Kaa jikoni, kunywa maziwa, uangalie, ndipo uamue. Ukiamua kumchukua bado, mimi mwenyewe nitafungasha nguo zake.

Habari nyingine ni kidogo. Chai inaota sana kwa sababu ya mvua lakini nusu inaoza kituoni. Ng'ombe yule mwenye doa amezaa jike. Kipsang ameng'olewa jino na sasa anazungumza kama mchungaji, polepole. Drusilla tumemwomba azungumze na wamama kanisani baada ya ibada, bila malipo, na leo amezungumza. Walimuuliza maswali mpaka kasisi akafunga mlango wa kanisa wao bado wako uwanjani.

Msalimie sana Caren, umwambie asijitese, anyonyeshe kwa amani. Mpe mdogo busu kwenye kisigino. Kipsang anakusalimu, na Apiyo pia anakusalimu, anauliza kama kweli huko watu wanakunywa maziwa ya ngamia. Mungu awafunike huko jangwani, awakinge na maji na magonjwa, na awafungulie njia ya kuja nyumbani.

Nilikuwa nimefika hapo, kalamu nimeiweka, Mama akaingia na kuni akaniuliza kama ninakuandikia wewe. Amesema niongeze maneno yake, na niyaandike alivyosema. Haya ndiyo: "Mwambie Weldon, kama anamchukua mtoto, asitume mtu. Akuje yeye. Nitamtoa mimi, kutoka kwa mikono yangu mpaka yake."

Nikamuuliza atamtoaje kwa mikono na hataki hata kumnawisha uso. Akasema siku hiyo atakuwa na ruhusa ya kumshika.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekasirika,
Janeffer